Guta letu la umeme lilipanda Uluguru bila shida, kushuka ndiko kulikotutoa jasho

Wakuu, habari za Jumapili.

Miaka mingi nimekuwa mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu humu, nacheka peke yangu, napita. Leo nimeona na mimi nitoe ya kwangu. Ninayoyasimulia niliyaona na kuyashika kwa mikono hii, na pale ambapo sijui nitasema sijui. Majina nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wapo na siku hizi kila mtu ana simu janja.

Ni habari ya guta. Yale ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, yanayobeba matofali na magodoro mjini. Sisi tulitengeneza moja linalotumia umeme na petroli kwa pamoja, hybrid, ili lipande milima ya Uluguru na kushusha mboga.

Nianze na safari, maana bila safari ile nisingejua kama guta lina habari yoyote.

Mimi ni mtu wa arobaini na kitu, niliishia kidato cha nne, Mnyamwezi wa Tabora, na miguu yangu haijawahi kujifunza kukaa mahali. Nilifanya kazi mgodini kanda ya ziwa, fundi wa vibehewa vya betri vinavyovuta mawe chini ya ardhi. Huko ndiko nilikojifunza mota na betri, kwa kuungua vidole. Mkataba ulipoisha nikaenda Mpanda kulima mpunga. Mvua ikanikataa misimu miwili mfululizo.

Hapo ndipo aliponipigia Shomari. Tulikaa naye dawati moja sekondari. Ni mtu wa Morogoro mjini, ana gereji Kihonda. Hakuzunguka.

"Njoo. Nina guta bovu, nina wazo, sina mtu wa umeme."

Nikapanda treni Mpanda nikiwa na begi moja na kiroba. Ndani ya kiroba kulikuwa na mota ya forklift niliyoiokota kwenye chuma chakavu cha mgodi, nimeifunga kwa blanketi kama mtoto. Mkagua tiketi akaigusa kwa mguu.

"Hii nini?"

"Mota."

"Ya mashine ya kusaga?"

"Ya gari."

"Gari liko wapi?"

"Bado halijatengenezwa."

Akacheka. Kila akipita kwenye behewa letu, mpaka Tabora, alikuwa akiniuliza, "Gari limefika wapi?"

Tabora tulibadilisha treni. Tabora ni kwetu. Nilikaa stesheni kutwa nzima bila kwenda mtaani, kwa sababu nyumbani hakuna tena mtu wa kunifungulia mlango. Nikawa naiangalia tu reli. Babu alikuwa akitusimulia kwamba babu yake yeye alibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani, na Mjerumani alipokuja kutandaza hiyo reli, yule yule mzee akaenda kubeba mataruma. Kwa hiyo kwenye ukoo wetu mimi ni mtu wa kwanza kuipita njia ile nimekaa.

Nilifika Morogoro asubuhi, milima imevaa ukungu mpaka kiunoni. Nikajisemea, hapa nitakaa mwezi.

Nilikaa karibu mwaka na nusu.

Sasa twende gerejini.

Wazo la Shomari lilitoka kwa mama mmoja, mkulima wa juu milimani. Nitamwita Mama Tekla. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, Mkatoliki wa yale makanisa ya juu, analima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta yaliyosimama kama ngazi. Maisha yake yote ameshusha mboga kichwani. Goti la kulia likamchoka. Bodaboda zinafika, lakini boda inabeba gunia moja na kabichi zinafika sokoni zimepondeka. Pikapu haziendi, njia nyembamba.

Sikilizeni hapa, ndipo penye uzito. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, upande wa mama. Unapewa kipande ulime, lakini si chako kuuza. Kipande kikilala misimu miwili, mkubwa wa ukoo anaweza kumpa mwingine. Kipande cha Mama Tekla kilikuwa kimeshalala msimu mmoja kwa sababu ya goti. Kulima bila njia ya kushusha kulikuwa ni kulisha nyani.

Mkubwa wa ukoo alikuwa mjomba wake, Mzee Pius.

"Mjomba ananipenda," Mama Tekla alituambia siku ya kwanza nilipomwona, amekaa juu ya tairi, mguu ameunyoosha. "Lakini akinipendelea mimi, kesho wapwa zake wengine watamuuliza. Mimi nimeshapanda kabichi. Nimepanda kwa kumwamini huyu Shomari. Zikiozea juu, lile shamba nimeshalipoteza."

Shomari akaniangalia. Mimi nikaiangalia mota yangu kwenye kiroba.

Wakuu, mafundi wenzangu watanielewa. Ukipewa kazi ya mlima, akili inakimbilia nguvu. Tukaiacha injini ya petroli ya lile guta pale pale, tukafunga mota kwenye ekseli ya nyuma kwa cheni, sproketi ndogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli, ili tupate nguvu ya kuvuta hata kama mwendo ni wa kinyonga. Betri za lithium tukazikusanya kutoka kwenye pikipiki za umeme zilizoanguka ajali.

Tukapakia mawe kwenye bodi, uzito wa mzigo kamili wa kabichi, tukaanza kujaribu vilima vya pembeni ya mji.

Mota ikanuka. Tukaongeza betri. Betri zikaongeza uzito, mota ikanuka zaidi. Shomari akataka injini kubwa zaidi. Tukaifunga. Guta likawa zito kiasi kwamba hata likiwa tupu lilikuwa linalalamika. Wiki zinapita, kabichi huko juu zinafunga vichwa.

Siku moja Mama Tekla akatuletea kikapu cha njegere. Akasimama mbele ya bodi.

"Haya mawe ya nini?"

"Ni mfano wa mzigo, mama," Shomari akamjibu huku anajifuta grisi. "Tunajaribu kupandisha."

"Kupandisha nini?"

"Kabichi zako."

Yule mama alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia.

"Shomari mwanangu. Kabichi ziko juu. Soko liko chini. Mimi nizipandishe kabichi nimpelekee nani, nyani?"

Wanaume wawili wazima, miezi miwili, tumetengeneza chombo cha kupandisha mzigo ambao kazi yake yote ni kushuka. Kinachopanda ni chumvi, sukari, mbolea kidogo na dereva. Basi.

Shomari akajaribu kujitetea. "Lakini mama, hukutuambia."

"Nikuambie kwamba kabichi hazioti sokoni?"

Tukaanza upya. Tukashusha injini kubwa tukaweka kijiinjini kidogo cha msaada, cha siku za mbolea. Nusu ya betri tukazitoa. Na sasa kazi yangu halisi ikaanza, kwa sababu chombo cha kushuka na mzigo kinahitaji kitu kimoja kuliko vyote, breki.

Niwaeleze kidogo wasio mafundi. Mota ya umeme ukiipa umeme inazungusha gurudumu. Lakini ukiteremka, gurudumu ndilo linaizungusha mota, na hapo mota inageuka jenereta. Inatengeneza umeme, na wakati huo huo inakuwa nzito kuzunguka, inalishika guta. Ule umeme unarudi kwenye betri. Kwa hiyo kile ambacho breki za kawaida zingekichoma kwa moto na moshi, wewe unakiweka akiba kwa safari ya kupanda kesho. Kinachoamua yote hayo ni kontrola, kiboksi kinachokaa kati ya betri na mota.

Nilikaa na ile kontrola wiki tatu nikiirekebisha, mpaka ukiachia mkono guta linashuka polepole kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Tulipanda kilima, tukageuza, tukashuka na mawe yetu. Mara kumi, mara ishirini. Hatukugusa breki za kawaida hata kidogo. Shomari akaanza kushuka ameinua mikono yote miwili, namkataza hasikii.

Tukasema tayari.

Tulipanda kijijini Jumamosi. Hakuna tulichopitia mjini kilichonitayarisha kwa ile njia. Mwanzoni ilituyumbisha huku na huku, halafu Mama Tekla, aliyekaa nyuma, akasema tukate kushoto, tushike barabara ya Mjerumani.

Ni njia ya zamani, imemezwa na majani, lakini kwa guta inatosha. Nikashangaa. Haina mahali ilipopanda wima. Inazunguka mlima taratibu, mwinuko ule ule, kama imechorwa kwa rula. Mita yangu ya umeme ilitulia kwenye namba ile ile karibu safari nzima, na kwa fundi wa mota hakuna kitu kitamu kama hicho.

Juu tukapokelewa na Mzee Pius. Mzee wa sabini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu, spana mfukoni. Ndiyo, spana. Ndiye mwangalizi wa mtambo mdogo wa maji wa kijiji, ule unaowasha taa za nyumba chache, zahanati na kanisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Uso ukabadilika pale pale. Mnajua wenyewe, Mluguru na Mnyamwezi ni watani.

"Ala! Mnyamwezi! Babu zako wamepita hapa chini na mizigo kichwani mpaka wakawa vipara. Wewe umekuja na mashine ikubebee?"

"Babu zangu walipita, mzee. Babu zako walijificha huku juu wasije wakatwishwa."

"Wakajificha, ndiyo! Na Mjerumani akawafuata huku huku." Akaonyesha ile barabara kwa kidevu. "Hiyo unayoisifia, babu yangu aliponda mawe yake. Alisema Mjerumani alitaka mteremko ambao waliombeba kwenye machela wasimmwage. Kwa hiyo hata wewe ukipanda bila kumwagika, mshukuru babu yangu, usimshukuru Mjerumani."

Tukala ugali na kabichi na nyama ya mbuzi. Mzee Pius akaliangalia guta lote, akauliza maswali ya maana kuliko yale niliyowahi kuulizwa mgodini. Betri ilikuwa imebaki na taa moja kati ya zile nne zinazoonyesha chaji mbele ya dereva. Akauchukua waya wa kuchajia mwenyewe.

"Hii niachieni mimi. Maji ni mengi."

Asubuhi baada ya misa tukapakia kabichi za kwanza za Mama Tekla. Betri imejaa, taa nne. Mzee anajipiga kifua.

"Nimeijaza mpaka taa zote kijani."

Tukaondoka na Shomari, watu wanapunga mikono.

Kona ya kwanza guta lilishika vizuri. Ya pili, nikasikia mlio wa mota umekatika. Kama mtu aliyeachia kamba ghafla. Guta likaanza kukimbia.

"Shika breki!" nikapiga kelele.

"Nimeshika!"

Breki za kawaida za guta ni za mjini, kwenye tambarare. Zikapata moto, zikatoa moshi, zikalainika. Shomari alifanya kitu kimoja cha akili, akalikandamiza guta kwenye ukingo wa mlima upande wa kulia, likasugua udongo likasimama. Kabichi zikaruka. Mimi kiwiko kikachubuka mpaka nyama. Upande wa kushoto, wakuu, hapakuwa na kitu. Vilele vya miti tu, kwa chini.

Baadaye tukaokota kabichi zilizookoteka, tukashuka Shomari akiendesha na mimi natembea na jiwe la kuzuia gurudumu. Mbele kidogo kuna mahali njia inavuka kijito halafu inapanda kamwinuko kafupi. Tukapanda kwa mota. Na baada ya hapo breki ya umeme ikarudi yenyewe, kama haijawahi kuondoka.

"Waya umelegea," Shomari akasema.

Tukafungua kila waya, tukakaza. Tukajaribu na mawe wiki nzima huku mjini. Hakuna kosa. Tukapanda tena kijijini. Mzee akatuchajia tena. Asubuhi tukashuka na nusu mzigo, kwa woga. Kona ya pili, breki ikakata. Safari hii tulikuwa tunaenda kinyonga, tukasimama. Tukavuka kijito, tukapanda kamwinuko, breki ikarudi.

Pale pale ilipokata, na pale pale iliporudi.

Nikakaa juu ya jiwe la Mjerumani, au la babu yake Mzee Pius, nikaziangalia taa za betri. Kamwinuko kalikuwa kamekula umeme kidogo. Taa ya nne ilikuwa imefifia.

Nikaona aibu kuliko siku ya mawe.

Mjini sisi tulikuwa tunapanda kwanza kwa umeme, halafu tunashuka. Betri ilikuwa na nafasi siku zote. Kijijini tunaamka na betri imejaa pomoni. Umeme wa kushuka unakwenda wapi? Hauna pa kwenda. Kontrola inaogopa kuiunguza betri, inakata. Na ikikata, breki imekwenda. Aliyekuwa anatukata breki ni Mzee Pius, kwa ukarimu wake.

"Tumwambie apunguze," nikasema.

Shomari akatikisa kichwa. "Mwambie wewe. Mimi huyo mzee siwezi. Mtu anakukirimu kitu pekee alicho nacho, umwambie kimezidi? Na shamba la mama liko mkononi mwake."

Ilikuwa kweli. Kabichi zilikuwa zimekomaa zote, zinaanza kupasuka. Zilibaki siku chache. Na kwenye kijiji neno lilishaanza, kwamba guta la Tekla lina mkosi. Mpwa mmoja alishaonekana akipima lile shamba kwa hatua.

Nikapanda peke yangu, kwa miguu. Nikamkuta Mzee Pius kwenye kibwawa chake juu ya mtambo, anatoa majani kwenye chujio. Nilikuwa na silaha moja tu, utani. Kwa utani mtu unaweza kumwambia mzee neno ambalo kwa heshima lisingepita kooni.

"Mtani," nikamwambia, "ninyi Waluguru mmeshindwa kutuua Wanyamwezi kwa njaa, sasa mmeamua kutuua kwa shibe."

"Nani kakuua? Mbona bado unabwabwaja?"

"Betri unaijaza mpaka haina pa kupumulia. Tukishuka inataka kumeza tena, haiwezi, inatema. Ndipo breki inapokufa."

Akaacha kutoa majani. Utani ukamtoka usoni.

"Yaani mgeni aje kwangu, maji yangu yanakwenda bure usiku na mchana, nimpe pungufu?"

"Ndiyo, mzee."

"Watu wakisikia watasema Pius amekuwa mchoyo wa maji."

Nikaangalia kile kibwawa. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa pili wa mlima, na yeye alikuwa ameshafungua mlango wa maji, yanamwagika pembeni.

"Mbona unayamwaga?" nikauliza.

"Huoni mvua? Nikiliacha bwawa limejaa, mvua ikija ukuta unakwenda. Lazima lipate pa kupokelea."

"Basi, mtani. Na sisi mvua yetu inakuja kona ya pili."

Akachomoa spana mfukoni, akairudisha.

"Niache kwenye taa ngapi?"

"Tatu."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekaa mbele, karibu na dereva."

"Wanyamwezi hamna adabu," akasema, na nikajua amekubali.

Shomari akalipandisha guta, na siku ya kushuka Mzee Pius alikuja na shati lake la kanisani. Bodi imejaa kabichi, mzigo kamili, ule tulioupimia mawe. Mama Tekla alitangulia na boda, hakutaka kuona. Yule mpwa wa kupima shamba alikuwa amesimama pembeni na mikono nyuma.

Taa tatu.

Kona ya kwanza, likashika. Kona ya pili, nikafumba macho, likashika. Mota inaimba ule mlio wake mwembamba. Mzee Pius hakuangalia bonde wala njia. Aliinama, pua yake karibu iguse zile taa, kila kona anatangaza kama mtu wa stesheni.

"Tatu... tatu... tatu bado..."

Tulipoanza kuona mabati ya mji, akaruka kidogo kwenye kiti.

"Ya nne inapepesa! Nani anachaji? Waya uko wapi?"

"Kabichi za mpwa wako Tekla ndizo zinachaji," Shomari akamjibu.

Mzee akageuka nyuma akaziangalia kabichi kama watu ambao hajawahi kuwaona.

Sokoni Mama Tekla alikuwa amesimama kwenye mguu mmoja, ameshika nguzo. Mzee Pius alishuka, akapangusa shati, akasema kwa sauti ya kusikika na wote waliotufuata kutoka juu:

"Shamba la Tekla halijalala."

Basi. Huko kwao hilo linatosha. Yule mama alikaa chini kwenye magunia akalia, halafu akaanza kugombana na mnunuzi aliyezibonyeza kabichi zake.

Niseme ukweli kama nilivyoahidi, guta halikujitosheleza. Kabichi zilirudisha sehemu ya umeme wa kupandia, si wote, kwa hiyo bado tulihitaji maji ya Mzee kila safari. Nadhani yeye alifurahi iwe hivyo. Kijiinjini cha petroli kikawa kinawashwa siku za mbolea tu, Shomari anakifuta vumbi kwa huzuni.

Na kontrola niliifanyia marekebisho ili ilie kengele mtu akipitisha taa ya tatu akiwa juu. Lakini haikuwahi kulia. Mzee alikuwa amekaa pale na saa yake.

Nikafundisha watu wawili pale gerejini kazi yangu. Shomari akaniambia, "Kaa, gereji iwe yetu wawili." Nilitaka kukubali. Lakini nyumba niliyopanga haikuwa mbali na reli, na kila treni ikipiga honi mimi nilikuwa naamka nikijiuliza inakwenda wapi. Mwenye ugonjwa huu anaujua. Nilikuwa nawakumbuka watu wa Morogoro hata kabla sijaondoka Morogoro.

Siku ya kuondoka Shomari alinisindikiza stesheni, ananirekebishia begi ambalo halikuwa na shida. Kiroba hakikuwepo. Ile mota ilibaki kwenye kazi yake.

Kumbe Mama Tekla na Mzee Pius walikuwa wameshuka. Guta likaingia mpaka karibu na mlango wa stesheni, bila kelele, watu wakaruka pembeni. Mzee akateremsha kikapu. Ndizi, karoti, njegere, matunda damu, kabichi mbili, na juu yake mdalasini umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kilikuwa kimejaa hadi mpini haushikiki, na bado alikuwa anasukumizia karoti pembeni kwa kidole gumba.

"Mtani, inatosha," nikasema. "Huoni kimejaa? Si tulikubaliana kuacha nafasi?"

Akaikandamiza karoti ya mwisho mpaka ikaingia.

"Betri nimeiachia nafasi. Wewe siyo betri."

Sijarudi tena Morogoro. Shomari alibadilisha namba, nami nimebadilisha mikoa. Kikapu nilikila mpaka Ngerengere na watu wote wa behewa, na bado kilibaki.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla hujachagua mota, gia wala betri, uliza mzigo unaelekea wapi, na ukae na watu wanaoubeba ujue wanaishije. Kontrola yangu nilikuwa naijua yote. Ukarimu wa Mzee Pius ndio sikuwa nimeuweka kwenye hesabu.

Mafundi wa umeme na magari mliomo humu, karibuni mnikosoe, hasa kwenye breki. Wenye maguta ya umeme mikoa ya milima, semeni yenu yanashukaje.

Na kama kuna mkuu yeyote anapita Morogoro, akakutana na guta lisilo na kelele linashuka na kabichi, namuomba kitu kimoja. Achungulie zile taa mbele ya dereva, aje aniandikie hapa zinawaka ngapi.